Bi Chujio na Koni za Kivulini

Hasira ya Bi Chujio ilikuwa na saa ya kuingia kazini, lakini haikuwa na saa ya kutoka. Saa mbili kamili asubuhi alivaa koti lake jeupe, akafunga vifungo vyote vitano, na kuanzia hapo aliyeacha faneli chafu kwenye sinki alikuwa amejitafutia. Wanafunzi wa maabara ile walikuwa na namna yao ya kupima hali ya hewa. Wakisikia chupa zinawekwa mezani taratibu, waliingia. Wakisikia zinatuliwa kwa kishindo, walikumbuka ghafla kwamba wana kazi maktaba. Siwalaumu. Ila sitaki mtu aseme mama huyu alikuwa mkali bure. Ukali wake ulikuwa na sababu, na sababu nyingi zilivaa tai.

Aliingia jengo lile akiwa na miaka ishirini na miwili, ndoo mkono mmoja, fagio mkono wa pili. Siku moja Profesa wa wakati huo, mzee mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, alimkuta ameinama juu ya faneli ya mwanafunzi mzembe, anaikunja upya karatasi ya kuchujia. Ilikuwa inavuja, na yeye hakuweza kupita akaacha kitu kinavuja. Profesa alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho. Kesho yake alimwambia aiache ndoo. Akamfundisha kupima, kuloweka, kuchemsha, kutenganisha, na zaidi ya yote kuchuja, kazi ambayo mikono yake ilikuwa kama imezaliwa nayo. Ndiyo iliyompa jina. Miaka thelathini na minne baadaye, jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Kazi iliyomkalisha pale ni ya koni. Juu ya mlima mmoja, mwendo wa saa mbili kwa gari na saa moja kwa miguu, kuna msonobari wa aina ambayo haijaonekana kwingine kokote. Miti yenyewe imehesabiwa mmoja mmoja: arobaini na mitatu, yote mikongwe. Huzaa kila baada ya miaka minane. Koni, yaani matunda yake magumu yenye magamba, hukaa mtini miaka miwili zikikomaa, kisha hufunguka zenyewe, mbegu zikapeperuka, na maganda yakabaki kudondoka kidogo kidogo kwa miaka inayofuata. Profesa alikuwa na sheria moja juu ya miti ile: okota, usichume. Katika utomvu wa maganda hayo ya kuokota, yeye na Bi Chujio walitenganisha kampaundi kumi na moja. Sita za kwanza zilikuwa harufu tu. Ya saba ilikuwa na rangi ya chai hafifu, na walipoidondosha kwenye sahani ya vijidudu vya vidonda sugu, asubuhi walikuta vijidudu vimekufa duara zima. Wakaiita Namba Saba. Bi Chujio alilia siku ile, akasema ni spiriti imemwingia machoni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Enzi hizo maabara haikuwa na oveni ya kukaushia. Iliyokuwepo iliungua, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado inasafiri kutoka meza hadi meza. Kwa hiyo Bi Chujio aliyatandaza maganda juu ya magunia katika stoo yenye dirisha lisiloona jua, akayageuza kila asubuhi, moja moja, siku ishirini na nne, mpaka utomvu ulipoacha rangi ya asali ukashika rangi ya chai. Ilikuwa shida tu, hakuna aliyeiita ustadi. Profesa alipoandika makala yake, mashine aliziandikia kurasa nne. Kuhusu kukausha aliandika hivi: "Koni zilikaushwa." Basi! Siku ishirini na nne za mgongo wa mtu, maneno mawili! Profesa hakuwa mbaya, Mungu amrehemu. Alisahau, kama wanavyosahau wote wanaokula bila kuuliza nani aliinjika.

Alipofariki, kiti chake kilirithiwa na Daktari. Kijana mwenyewe hakuwa mgeni. Miaka kumi nyuma alikuwa mwanafunzi hapo hapo, na Bi Chujio ndiye aliyemshika mkono ukitetemeka akamfundisha kutumia pipeti. Kisha akaenda kusoma mbali, akarudi na shahada, miwani na oveni mpya inayong'aa. Alisoma ile makala, akaona "koni zilikaushwa", akayatia maganda kwenye oveni usiku mmoja. Asubuhi akachuja, akatenganisha. Kampaundi ya kwanza mpaka ya sita zilikuwepo. Ya nane kuendelea zilikuwepo. Namba Saba haikuonekana. Akarudia mara nne, na mara zote nne haikuonekana.

Bi Chujio alimwambia mara ya kwanza, kwa upole. Alimwambia mara ya pili, bila upole. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo mama," Daktari alisema akiingia na karatasi mkononi.

"Marahaba. Hiyo oveni yako imekupa nini?"

"Haijanipa kitu. Ila nimeshajua tatizo. Maganda ya kuokota yamechoka, mama. Utomvu wake umekwisha nguvu. Tunataka koni mbichi, za mtini."

"Hayajachoka. Unayachoma."

"Nyuzi sitini tu! Hiyo nayo ni kuchoma?"

"We kijana, nisikilize. Namba Saba haikai kwenye koni ikikungoja. Inajitengeneza pale utomvu unapokutana na hewa taratibu, kivulini. Ukiikimbiza na moto, unaharibu mimba."

Daktari alicheka. "Mama, kemia haina mimba bwana." Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa barua yenye mhuri wa Mkurugenzi: Ijumaa ile, mafundi wanaopanda nguzo za umeme wangepelekwa mlimani kukata koni zote, katika miti yote.

Bi Chujio aliisoma mara mbili. "Zote? Daktari, zimebakiza miezi mitatu kukomaa. Mbegu zake sasa hivi ni maji."

"Si zitazaa tena?"

"Baada ya miaka minane! Na miti ile imezeeka, nani amekuhakikishia miaka minane?"

"Wafadhili wanataka matokeo mwezi ujao," Daktari alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya ofisini. "Mama, wewe tuoshee chupa. Haya mengine tuachie sisi."

Tuoshee chupa. Mtu uliyemfundisha kushika pipeti! Damu ilimchemka Bi Chujio mpaka masikio yakamziba. Alitafuta neno la kumrudishia, akayapata mengi kwa wakati mmoja, yakagombania mlango, hakuna lililotoka. Daktari alichukua barua yake akaondoka.

Jioni alikuwa nyumbani kwa binti yake, mshonaji, ambaye sebule yake ilikuwa nusu ya makochi na nusu ya kola za sare za shule. Bi Chujio alikaa kwenye kigoda akikatakata vitunguu.

"Mama," binti alisema bila kuinua macho kwenye cherehani, "hicho kitunguu kimekukosea nini?"

Hapo ndipo yale maneno yaliyogombania mlango yalipotoka yote. Alieleza oveni, alieleza barua, akaeleza habari za shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mlinzi wa msitu ule. Kwa miaka mitatu shemeji alikuwa akiandaa vitalu vya miche pale kambini kwake, amevizungushia seng'enge, amevipepetea udongo kwa chekecheke, akingoja mbegu za mwaka huu. Miti ile haikuwa na mrithi, na yeye ndiye aliyejipa kazi ya kuipatia.

"Baba mdogo anajua kwamba wanakuja kukata?"

"Amepelekewa nakala ya barua. Na baba yako mdogo akiona mhuri, akili yote inahamia kwenye mhuri."

Binti alisimamisha cherehani. "Sasa mama, utapiga kelele au utafanya kitu? Maana kelele tumezisikia."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa la kweli. Na kitu cha kufanya alikuwa nacho. Mwezi uliopita, kwa kutoiamini ile oveni, alikuwa ameficha gunia moja la maganda chini ya ngazi za jengo, akayatandaza na kuyageuza kila asubuhi kabla ya kuvaa koti. Siku zilikuwa zimeshatimia.

Jumanne aliyasaga, akayaloweka. Jumatano asubuhi akachuja, matone yakishuka moja moja, maangavu. Alidondosha kiasi cha kichwa cha pini kwenye kibamba cha kioo kilichopakwa unga mweupe, akakisimamisha kwenye kiyeyushi, akangoja madoa yapande na kuachana, kisha akakiweka chini ya taa ya zambarau. Yakahesabika: moja, mbili, mpaka sita, na juu ya la sita doa pana la rangi ya chai, liking'aa. Miaka ilikuwa imepita bila kuliona. Alimwita Daktari, na alipomwita hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alidhani ushahidi unatosha. Maskini!

Daktari aliinama akatazama. Akasema, "Chupa uliyotumia ilikuwa safi?"

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Doa kama hili linaweza kuwa uchafu wa chupa."

Miaka thelathini na minne. Watu wamepata shahada tatu tatu kwa chupa zilizopita mikononi mwa mama yule, na hakuna siku mtu alikuta alama ya kidole. Kuna tusi linalokupata usoni, na kuna tusi linalokupata pale ulipoweka maisha yako. Hili lilikuwa la pili. Bi Chujio aliichukua ile chupa, akaiweka mezani taratibu kabisa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anaingia, akadhani kumetulia, aliona uso wake akarudi kinyumenyume.

Alhamisi saa mbili alikuwa mbele ya ofisi ya Mkurugenzi. Katibu alimwambia aombe miadi, aje wiki ijayo.

"Wiki ijayo nitakuwa nakuja kukupa pole," Bi Chujio alisema. "Nitakaa hapa hapa."

"Mama, ana kikao."

"Na mimi nina kikao naye. Hajajua tu."

Alikaa mpaka saa nne, mkoba mapajani, macho mlangoni. Mkurugenzi, mtu mfupi asiyependa kelele, alipotoka alikutana na macho hayo uso kwa uso, akaona bora asikilize. Bi Chujio hakulalamika habari ya tusi. Alisema jambo moja: "Njoo na Daktari. Fungueni boksi la chupa mpya wenyewe, kata utepe wewe mwenyewe. Achuje yeye. Mimi sitagusa kitu."

Ndivyo ilivyofanyika. Mkurugenzi alikata utepe wa boksi kwa funguo za gari lake. Daktari alichukua unga wa maganda ya oveni katika chupa moja, na wa maganda ya kivulini katika nyingine. Akatia kiyeyushi, akatikisa nusu saa, akachuja. Bi Chujio alisimama nyuma mikono mgongoni, na kila faneli ilipoinama kidogo alijing'ata ulimi. Vibamba viwili viliingia chini ya taa kwa pamoja. Cha kushoto kilikuwa na pengo baada ya doa la sita. Cha kulia hakikuwa na pengo.

Daktari alikaa kwenye stuli. "Ipo," alisema. "Ipo kweli. Oveni ndiyo ilikuwa inaiua."

"Na katika koni mbichi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hata huko isingekuwepo. Mpaka zikauke polepole." Alizima ile taa. "Maganda ya kuokota yanatosha."

"Basi safari ya kesho isimame," Mkurugenzi alisema, akageuka kuondoka kama mtu aliyemaliza kazi.

Daktari hakuinuka. "Mkurugenzi, ile safari... niliisogeza mbele. Utabiri ulisema kesho kutakuwa na mvua. Wameondoka alfajiri leo."

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa saba mchana. Bi Chujio hakumtazama hata mmoja wao. Alinyakua simu ya mezani akapiga kambi ya msitu, namba iliyokuwa kichwani mwake. Iliita, ikaita.

"Shemeji? Wako wapi hao watu?"

"Wako juu ya miti, shemeji." Sauti ya mlinzi ilikuwa nzito. "Wepesi sana hawa. Wanapanda na mikanda kama..."

"Washushe!"

"Nina barua, shemeji. Ina mhuri."

"Barua imefutwa! Mwenye mhuri huyu hapa!" Akambandika Mkurugenzi simu sikioni, karibu amvunje miwani. Mkurugenzi alisema maneno manne, akairudisha. Upande wa pili Bi Chujio alisikia filimbi ya mlinzi ikilia, ikilia tena, na watu wakiulizana kwa mbali kuna nini. Alisubiri. Kisha shemeji akarudi, akihema.

"Wameshuka."

"Imebaki mingapi?"

"Kumi na miwili."

Miti thelathini na mmoja ilikuwa imeshamalizwa. Bi Chujio aliweka simu chini. Alitaka kupiga mtu. Nasema hivi kwa sababu alinieleza mwenyewe: alitazama shingo ya Daktari, ilivyokuwa nyembamba katika kola iliyopigwa pasi, na mkono ukamwasha. Alitoka akaenda kusimama chooni mpaka mkono ulipotulia.

Lori lilifika saa kumi na moja. Lilirudi nyuma mpaka mlango wa stoo, limejaa magunia, na harufu ya utomvu mbichi ikajaa uani, kali, ya kuchoma pua. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha mbele na dereva. Hakushuka. Daktari alikuja akizunguka lori, akafungua gunia, akatia mkono katika zile koni za kijani. Na hapo, mbele ya macho ya Bi Chujio, uso wake ulianza kunawiri.

"Mama," alisema, "lakini ukifikiria vizuri, hatujapoteza kitu. Sasa tunajua namna ya kukausha. Hizi tukizitandaza kivulini, tutapata Namba Saba ya kutosha miaka kumi! Na jina lako nitaliweka kwenye makala, naapa."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!"

Alisema kwa sauti iliyowafanya watu wa ghorofani wafungue madirisha. Akachomoa koni moja kutoka mkononi mwake, akaiweka juu ya kizingiti cha stoo, akaipasua katikati kwa kisu cha magunia. Ilitoa maji meupe, yakamchuruzika vidoleni. Akaitia ncha ya kisu kwenye kitundu cha ndani akatoa kitu kidogo, cheupe, laini, akakiweka kwenye kiganja cha Daktari.

"Hii ni nini?"

"Mbegu."

"Iminye."

Daktari aliiminya. Ikapasuka kama chunusi, ikabaki ngozi.

"Hiyo ndiyo hujapoteza," Bi Chujio alisema. "Zidishe kwa magunia yote haya. Na ile miti iliyozaa ni ya kizee, wala haijakuahidi lolote."

Mlango wa lori ulifunguka. Shemeji alishuka polepole, kofia mkononi, matope ya mlimani yamekauka kwenye buti zake. Hakumsogelea Daktari. Alimjia shemeji yake, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa kuulizwa.

"Shemeji, mimi nilipokea barua," alisema. "Nikawaza, kama wakubwa wameamua hivi, basi kuna wagonjwa mahali wanangoja dawa. Ndicho nilichokuwa najiambia kila walipomaliza mti. Halafu mkapiga simu." Alizungusha kofia. "Hizi zilizokatwa, zilihitajika, siyo? Niambie zilihitajika."

Bi Chujio angeweza kusema ndiyo. Neno dogo, na mzee yule angelala usingizi. Lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini hakuwa mtu wa kuacha kitu kivuje, na hasira yake, iliyokuwa imepiga kelele siku nzima, sasa ilishuka ikawa baridi na nzito, ikajua pa kwenda. Alimshika Daktari kiwiko, pale pale alipomshika zamani mkono ukitetemeka, akamleta mbele ya mlinzi.

"Amekuuliza," alisema. "Mjibu."

Daktari alitazama kile kijingozi kiganjani mwake. Alitazama magunia. Alifungua mdomo, na Bi Chujio aliona maneno ya ofisini yakija, wafadhili, utabiri, mchakato, na akamkaza kiwiko.

"Hapana, mzee," Daktari alisema. "Hazikuhitajika hata moja."

Mlinzi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia. Akavaa kofia yake, akazunguka nyuma ya lori, akaanza kushusha magunia.